"Mimi Sinywi, Nipulize Nini?" Mwongozo Kamili wa Kipima Ulevi kwa Mzanzibari Anayeendesha Gari Uingereza

Kosa hili hulifanya zaidi watu ambao hawakuwa na haja ya kulifanya: wasiokunywa. Mtu katoka Wete au Jang'ombe, hajaonja pombe maisha yake, anasimamishwa usiku na polisi wa Uingereza na kuambiwa apulize. Anaona katukanwa. Anagoma. Miezi baadaye anatoka mahkamani hana leseni, ana rekodi ya jinai, na hakuna anayejua alikuwa na pombe kiasi gani mwilini, kwa sababu hakupimwa.

Sheria ya huko haikumhukumu kwa ulevi. Imemhukumu kwa kugoma, na kugoma ni kosa linalojitegemea. Mwenye damu safi na mlevi wa kupepesuka, wote wawili wakigoma bila ya sababu ya msingi, kosa lao ni moja.

Watu wanaelezwa hili, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanalirudia. Kwa hiyo hapa tunakwenda hatua kwa hatua. Sheria ninayoieleza ni ya England na Wales, yaani Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 ya Uingereza. Panapotofautiana na Scotland nitasema. Northern Ireland ina sheria yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha gari

- Leseni yako na karatasi za bima. Leseni ya Zanzibar inakuruhusu kuendesha gari ndogo kule kwa miezi 12 ya mwanzo. Baada ya hapo unahitaji ya kwao. Hulazimiki kutembea nayo mfukoni, unaweza kuambiwa uipeleke kituoni ndani ya siku 7, lakini ukiwa nayo mazungumzo yanakuwa mafupi.
- Dawa yako ya pumu, kama una pumu. Iwe kwenye gari, si nyumbani kabatini.
- Barua ya daktari wa kule inayotaja ugonjwa wowote wa mapafu, moyo, au hofu ya sindano iliyothibitishwa hospitali. Barua ya Mnazi Mmoja ya miaka kumi nyuma haina nguvu hiyo. Jisajili kwa daktari wa mtaani kwako na umwambie matatizo yako yaingie kwenye faili.
- Nambari ya simu ya mtu mmoja aliyeko Uingereza, imeandikwa kwenye karatasi. Ukifika kituoni simu yako inachukuliwa, na ni wachache siku hizi wanaojua kwa moyo hata nambari ya mama yao.
- Sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ijifunze kabla, hata kama unajiona Kiingereza unakijua. Cha dukani na cha kituo cha polisi saa nane za usiku havifanani.

Kuna na kitu cha kuacha nyumbani: ushauri wa barazani. Pale Jaws Corner kahawa ikishapozwa utasikia kila aina ya wakili. "Gomea tu, hawawezi kukulazimisha." Kweli, hawatakushika mdomo. Watakushitaki.

## Kwanza fahamu: vipimo ni viwili

Bila ya kulielewa hili, hatua zote zitakuchanganya.

Kipimo cha awali ni kile cha barabarani. Kifaa kidogo cha mkononi, unapuliza mara moja. Kazi yake ni kumwambia askari kama kuna haja ya kuendelea. Ukigoma hapa bila ya sababu ya msingi, faini inaweza kufika pauni 1,000, unapata pointi 4 kwenye leseni, na mahkama inaweza kukufungia kuendesha ikitaka. Halafu askari akiwa na shaka kwamba una kilevi mwilini, anakukamata kwa kule kugoma kwenyewe.

Kipimo cha ushahidi ni cha kituoni, kwenye mashine kubwa. Unapuliza mara mbili, na inayohesabika ni ile ndogo. Kugoma hapa ndiko kunakoharibu maisha: kama ulikuwa unaendesha au ulijaribu kuendesha, ni kifungo mpaka miezi 6, faini isiyo na kikomo, na kufungiwa kuendesha kwa lazima si chini ya miezi 12.

Wengi wanaoharibikiwa hugoma mara zote mbili, kwa hasira ile ile. Aliyegoma barabarani akapuliza kituoni bado amejiokoa kwa sehemu kubwa.

## Hatua ya 1: Simama, zima gari, kaa ndani

Askari aliyevaa sare ana uwezo wa kusimamisha gari yoyote barabarani, hata bila ya kueleza sababu. Kutosimama ni kosa. Tafuta pahala salama, simama, zima injini, teremsha kioo, mikono iwe juu ya usukani ionekane.

Usishuke kumfuata. Kwetu kumfuata askari na kumsalimia ni adabu. Kule anaona mtu anamjia gizani.

Usijipulizie chochote. Hili nalisisitiza kwa sababu ni tabia yetu: mtu akiona polisi anachukua kichupa cha manukato, au dawa ya kupuliza mdomoni ili anukie vizuri. Manukato mengi ya dukani na baadhi ya dawa za mdomo zina alkoholi ndani yake. Umetoka huna harufu yoyote, sasa gari nzima inanukia.

*Umefaulu ikiwa:* gari imezimwa, umekaa, umesema salamu fupi na unasubiri.

## Hatua ya 2: Sikiliza anachokitaka

Kusimamisha gari hakuhitaji sababu, lakini kukutaka upulize kunahitaji. Askari anatakiwa ashuku kwamba una pombe au dawa za kulevya mwilini, au ashuku kwamba umefanya kosa la barabarani wakati gari inakwenda, au kuwe na ajali na aamini kwamba wewe ndiye uliyekuwa dereva. Taa moja ya nyuma isiyowaka au kupita taa nyekundu kunatosha kuanzisha mambo.

Unaweza kumuuliza kwa upole kwa nini anataka kukupima. Muulize mara moja. Jibu lake hata likikuudhi, hapo barabarani si pahala pa kulipinga. Ikiwa kweli hakuwa na sababu, hoja hiyo ni ya wakili na itasikilizwa mahkamani, na itakuwa na nguvu zaidi kama wewe ulipuliza.

Na usifikiri kuendesha ni mpaka magurudumu yazunguke. Mtu aliyekaa kwenye gari na funguo mkononi anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye dhamana ya gari. Adhabu yake ni ndogo kuliko ya anayeendesha, lakini ipo.

## Hatua ya 3: Sema ndiyo, kisha puliza

Hapa ndipo jahazi linapozama.

Askari anasema, tafadhali puliza. Mtu wetu anaanza: "Afande, mimi Mwislamu. Sinywi. Baba yangu ni imamu. Muulize mtu yeyote." Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu alichoambiwa. Askari ana kamera kifuani. Anauliza tena. Mtu wetu anaeleza tena, sasa kwa sauti ya juu. Askari anauliza mara ya tatu, anaandika: amegoma.

Nafahamu kwa nini inatokea. Kwetu mtu mzima akishutumiwa ulevi mbele ya watu, hiyo ni kashfa, na ukimya unaonekana kama kukubali. Tena tumezoea kwamba na askari mnazungumza mpaka muelewane. Kule mazungumzo marefu hayahesabiwi kuwa maelewano. Yanahesabiwa kuwa ni kukataa kwa njia ya kuzunguka.

Kwa macho ya sheria yao, haya yote ni kugoma:

- Kusema "sitaki."
- Kunyamaza kimya.
- Kukubali kwa sharti: "nitapuliza akija wakili," "nitapuliza akija kaka yangu," "nitapuliza nikishajua jina lako."
- Kupuliza kidogo kidogo, kupuliza pembeni ya mrija, kuuziba kwa ulimi, kuvuta badala ya kutoa.

Hilo la mwisho huwaponza wanaojifanya wajanja. Sheria inataka pumzi ya kutosha kupimika, na kifaa kinajua pumzi haikutosha.

Kwa hiyo sema neno moja: ndiyo. Kabla hujapuliza, mwambie askari mambo matatu ikiwa yanakuhusu: kwamba umetumia dawa ya kusukutua mdomo, dawa ya kikohozi au dawa ya kupuliza mdomoni ndani ya dakika 20 zilizopita, kwamba umetoka kuvuta sigara, kwamba una pumu. Mabaki ya alkoholi mdomoni yanaweza kudanganya kifaa, ndiyo maana askari wenyewe huuliza na wakati mwingine husubiri dakika hizo 20.

Kisha vuta pumzi ya kawaida, fumba midomo kuuzunguka mrija vizuri, puliza kwa nguvu ya wastani bila ya kukatiza mpaka uambiwe basi. Mrija ni mpya, unatolewa kwenye mfuko wake mbele yako. Kama hukuona ukifunguliwa, omba mwengine.

*Umefaulu ikiwa:* kifaa kinaonesha sifuri. Kama hakuna kosa jengine, unaendelea na safari yako. Hasira zako zipeleke kwenye malalamiko rasmi siku ya pili. Polisi wa kule wana utaratibu wa kupokea malalamiko, na utakuwa unalalamika ukiwa mshindi.

Na ute wa mdomoni? Askari akishuku dawa za kulevya, anaweza kukufuta ulimi au shavu kwa kijiti ili kupima bangi na kokeini. Kugoma kipimo hicho nako ni kosa lile lile. Kwa wale wenye mazoea ya mirungi: Uingereza iliipiga marufuku mwezi Juni 2014, kwa hiyo usiwe nayo garini ukadhani ni majani tu.

## Hatua ya 4: Ukikamatwa, jua haki zako na mipaka yake

Umekamatwa, umetiwa kwenye gari ya polisi, umefika kituoni. Hapa una haki za kweli, zitumie:

Haki ya wakili bure. Kila mtu aliyewekwa kituoni anayo, tajiri na maskini, raia na mgeni. Omba wakili wa zamu mara tu ukiulizwa.

Haki ya mtu mmoja kujulishwa kwamba uko pale. Ile karatasi ya nambari ndiyo wakati wake.

Haki ya mkalimani, bure vilevile. Ikiwa huelewi unachosomewa, sema huelewi. Usiitikie kwa aibu. Kabla ya kuchukua kipimo cha ushahidi, askari ni lazima akuonye kwamba ukishindwa kutoa utaweza kushitakiwa. Mahkama za kule zimewahi kukubali, katika shauri la 1979, kwamba mtu ambaye kwa upungufu wa Kiingereza hakuelewa onyo hilo alikuwa na sababu ya msingi. Lakini ukiwa umejibu maswali yote kwa Kiingereza kizuri kisha uje kudai hukuelewa onyo peke yake, hutasadikiwa.

Sasa mpaka. Haki ya wakili haisimamishi kipimo. Umemuomba wakili, sawa, atapigiwa simu. Ikiwa hajapatikana na mashine iko tayari, unapuliza. Kusema "sipulizi mpaka nizungumze na wakili wangu" ni kugoma, na mahkama za Uingereza zimeshalikataa jambo hilo mara nyingi. Hata wakili mwenyewe akikushauri ugome, ushauri wake haukuokoi. Watu wetu wamejifunza haki za mshitakiwa kwenye filamu za Kimarekani, ambako sheria ni nyengine.

## Hatua ya 5: Puliza mara mbili kituoni

Utaulizwa maswali kutoka kwenye fomu ndefu: umekunywa lini, unakula dawa gani, una ugonjwa gani. Yajibu ya afya kwa ukamilifu. Kisha utasomewa onyo, na utaulizwa kama unakubali kutoa vipimo viwili vya pumzi.

Jibu ndiyo. Puliza kama ulivyopuliza barabarani, ila mashine hii inataka pumzi ndefu zaidi, ya mfululizo. Una dakika chache tu kwa kila kipimo. Ukishindwa jaribio la kwanza usipaniki, jaribu tena ndani ya muda huo. Kipimo kimoja hakitoshi: aliyepuliza cha kwanza vizuri na kukataa cha pili, amegoma.

Kiwango cha kisheria England na Wales ni maikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi. Scotland tangu Disemba 2014 ni 22. Kwa damu ni miligramu 80 katika mililita 100, na Scotland 50.

*Umefaulu ikiwa:* mashine imechapisha karatasi yenye namba mbili. Omba nakala yako. Mtu asiyekunywa karatasi hiyo ndiyo kinga yake, na haipatikani kwa njia nyengine yoyote.

## Hatua ya 6: Kama mwili hauwezi, sema pale pale

Sheria inasema kugoma "bila ya sababu ya msingi." Sababu hiyo ni ipi?

Msimamo uliwekwa katika shauri la Lennard la 1973, na haujalegea: ni lazima mtu awe hawezi kimwili au kiakili kutoa kipimo, au kukitoa kuwe na hatari kubwa kwa afya yake. Basi. Hasira si sababu. Dini si sababu. Kujiamini kwamba hukunywa si sababu. Kudharauliwa na askari si sababu.

Pumu kali inaweza kuwa. Mbavu zilizovunjika kwenye ajali zinaweza kuwa. Kupandwa na hofu mpaka pumzi haitoki kunaweza kuwa, kukiwa na ushahidi wa daktari.

La muhimu ni wakati. Mwambie askari kabla ya kushindwa, au papo hapo unaposhindwa. Tumia dawa yako ya pumu mbele yake, kisha jaribu. Jaribio la kweli lililorekodiwa na kamera lina thamani kuliko barua kumi za baadaye. Ukilieleza jambo, ni juu ya upande wa mashitaka kulivunja mahkamani. Usipolieleza usiku ule, hakimu atataka kujua kwa nini ugonjwa umeanza siku ya kesi.

## Hatua ya 7: Damu au mkojo

Mashine ikiwa mbovu, au ikiwa kuna sababu ya kiafya, watataka damu au mkojo. Anayechagua ni polisi, si wewe. "Damu sitoi, chukueni mkojo" ni kugoma, isipokuwa kuna sababu ya kiafya ya kutotoa damu, nayo inaamuliwa na daktari au muuguzi.

Damu huchukuliwa na mtaalamu wa afya tu, kamwe si askari. Dada zetu wanaweza kuomba muuguzi wa kike, na kwa mwenye nikabu kuomba askari wa kike wakati wa kupuliza. Liseme kama ombi, si kama sharti. Wewe mume uliyekaa kiti cha pembeni, tafadhali usimjibie mkeo. Kukataa kwako kutaandikwa kwa jina lake.

Jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: sampuli ya damu hugawiwa, na una haki ya kuomba sehemu yako uipeleke kwenye maabara unayoitaka wewe. Iombe pale pale.

Ukiwa umelazwa hospitali baada ya ajali, polisi hawawezi kukupima mpaka daktari anayekuhudumia akubali kwamba hakutakudhuru. Ukiwa huna fahamu, damu inaweza kuchukuliwa na kuhifadhiwa, lakini haipimwi mpaka uzinduke na ukubali. Ukizinduka ukakataa, umerudi kwenye kosa lile lile.

## Ramadhani

Swali linakuja kila mwaka: kupuliza kunafunguza?

Kupuliza ni kutoa pumzi. Hakuna kinachoingia, na pumzi tunazitoa mchana kutwa. Kijiti cha ute hufuta ulimi kama mswaki na hakimezwi. Kwa damu muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuingia, ujue unasimama wapi, kwa sababu kituoni hapatakuwa na wa kumuuliza. Kwa upande wa sheria, jibu liko wazi: mahkama ya Uingereza imeshakataa imani ya mtu kuwa sababu ya msingi ya kutotoa damu.

Tena mwezi huo ndio wa kuwa mwangalifu zaidi. Watu wanarudi kutoka tarawehe usiku wa manane, wamechoka, gari imejaa, na jicho la askari linaona gari inayoyumba.

## Umeshagoma. Sasa?

Kesi itakwenda mahkama ya mahakimu. Katika mahkama hiyo hakuna baraza la wazee wa mahkama, mahakimu ndio wanaoamua. Fanya hivi:

Tafuta wakili wa makosa ya barabarani kabla ya siku ya kwanza. Kama huna uwezo, fika mapema na umuulize karani wakili wa zamu wa mahkama.

Omba ushahidi wa kamera. Humo mna onyo ulilosomewa, lugha iliyotumika na namna ulivyojaribu. Kama onyo halikutolewa, kesi ya kipimo cha kituoni inaweza kuanguka.

Amua mapema kukiri au kukana. Kukiri siku ya kwanza kunapunguza faini au kifungo kwa theluthi. Muda wa kufungiwa kuendesha haupunguzwi kwa kukiri, na hili huwashangaza wengi.

Usiende mahkamani na gari. Marufuku huanza dakika ile ile hakimu anapoitamka. Ukirudi nyumbani unaendesha umefanya kosa jipya, na hilo nalo lina kifungo.

Mahakimu wana mwongozo wa adhabu. Aliyegoma kwa kuamini kwa dhati sababu isiyokubalika, bila ya dalili kubwa za ulevi, huanzia kwenye faini ya kiasi cha mshahara wa wiki moja na nusu, na kufungiwa miezi 12 mpaka 16. Huyo ndiye mtu wetu wa "sinywi." Aliyegoma kwa makusudi, au mwenye dalili nzito za ulevi, hupanda mpaka miezi 17 hadi 28 na adhabu ya kutumikia jamii. Mwenye vyote viwili anaanzia wiki 12 za jela na kufungiwa miezi 29 hadi 36. Ukirudia ndani ya miaka 10, marufuku haiwi chini ya miaka mitatu.

Juu ya hayo kuna gharama za kesi. Alama ya kosa inakaa kwenye rekodi ya leseni miaka 11. Bima inapanda. Mwenye leseni ya teksi ana hatari ya kuipoteza. Fomu za viza na za uraia zitauliza juu ya hukumu, na kuificha ni kosa kubwa kuliko hukumu yenyewe.

Na kuna pigo ambalo hulisikii mpaka marufuku imalizike: aliyegoma kipimo cha ushahidi huwekwa kwenye kundi la madereva wa hatari kubwa. Leseni hairudi mpaka apimwe na daktari kuthibitisha kwamba hana ulevi sugu. Ndiyo, mtu asiyekunywa.

Hakimu akikupa nafasi ya kozi ya madereva walevi, ichukue hata kama jina lake linakuuma. Ukiimaliza, muda wa marufuku unaweza kukatwa robo yake. Miezi 12 inakuwa 9.

## Uliyebaki Unguja au Pemba, ukipigiwa simu

Mara nyingi habari inafika huku kabla haijafika kwa wakili. Mama anapiga dua, ami anataka kutuma pesa. Yafanyeni haya.

Msimpe ushauri wa sheria za huku. Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri Barabarani, Nambari 7 ya 2003. Hata Bara wana sheria nyengine. Alichofanyiwa binamu yako na trafiki wa Mwanakwerekwe hakimsaidii aliyeko Leicester.

Msimwambie aondoke arudi nyumbani kabla ya kesi. Asipofika mahkamani hutolewa hati ya kumkamata, na itamngoja siku atakapotua tena.

Msimwambie "ampe kitu" askari. Kule hilo ni kosa la jinai zito kuliko lile alilokamatiwa.

Muulizeni maswali manne tu, na muandike majibu: Yuko kituo gani? Ameshaomba wakili na mkalimani? Ana dawa zake? Kipimo cha kituoni kimeshachukuliwa au bado? Ikiwa bado, mwambieni neno moja kabla simu haijakatika: apulize.